Ufa wa Tangi la Upepo

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, maana harusini sikulowa. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa na mitumba ya kila aina inamiminika Dodoma, hadi kompresa za kujazia matairi. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea, nimetoka kuhitimu masomo ya jioni, kichwa kimejaa mpaka kofia hainienei.

Mzee Chilewa, mfugaji aliyetaka kufungua kituo cha kujaza matairi upepo barabara ya Kondoa, akaleta tangi la kompresa. Ubavuni lilikuwa na ufa mdogo kama njiti ya kiberiti, umelala kufuata urefu wa tangi. Nikauchomelea juu kwa juu, nikapaka rangi, likang'aa hata nzi akitua anateleza. Nikamwambia akalijaze upepo jioni hiyohiyo. Mzee akafurahi, akasema atakaa kando yake kutwa nzima, ailinde mashine yake mwenyewe.

Mkuu wangu wa karakana, Fundi Shabani, akaniuliza kama nilitoboa tundu kwenye ncha mbili za ufa kabla ya kuchomelea. Nikamjibu kwa methali: usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nimeziba.

"Umeufunika, hujaukomesha," akasema. "Lete maji."

Maji, mwanangu, kiangazi cha Dodoma. Nilibeba ndoo nusura nihamishe bwawa. Akanieleza kwamba upepo ulioshindiliwa ukipasua tangi ni bomu, lakini maji hayashindiliki. Yakipasua, utalowa tu. Tukajaza pomoni, tukafunga pampu ya mkono. Mshale wa geji ya msukumo haujafika hata nusu, ufa ukachomoka mwisho wa weldi yangu, ukakimbia kutoka njiti hadi urefu wa mkono. Maji yakaniosha uso, kiburi na shati.

Mzee Chilewa, aliyekuwa bado hajaondoka, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Kijana, kumbe ulitaka kunizika na rangi mpya?"

Nikavua shati, nikalikamua.

Fundi Shabani akanifundisha palepale. Kanga ukiikata pindo kidogo kisha ukaivuta, nguvu yote ya mvuto hukusanyika pale ncha ya mkato ilipo, nayo huchanika hadi mwisho. Tundu la mviringo huiondolea ncha ya ufa ukali. Na tangi la bati jembamba hupasuka kwa urefu kama ganda la kunde, kwa kuwa ubavu hubeba msukumo mara mbili ya ule unaovuta kuelekea vifuniko. Kisha akamulika ndani: kutu imekula bati likabaki kama karatasi. Akakataa kulitengeneza. Tukalipasua mapande mawili, Mzee akaondoka na mabirika ya kunyweshea ng'ombe, akicheka kwamba ng'ombe wake sasa watanywea vya Ulaya.

Mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Kosa dogo usilipake rangi. Tafuta ncha yake, likomeshe hapo. Na kazi ambayo mtu atakaa karibu nayo, ijaribu kwanza kwa namna ambayo ikishindikana alowe fundi, asiumie mteja. Mungu akubariki, akupe mkubwa asiyeona haya kukukosoa, na wateja wanaozeeka.