Mshonaji Aliyegeuka Mwizi

Mumewe alikuwa fundi rangi, mrefu na mwembamba, na mafundi wenzake walimwita Ngazi. Yeye alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba kile kile walicholala, kando ya dirisha, kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Watoto walishaoa na kuolewa, wakaenda zao. Kwa hiyo Ngazi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akipaka ukuta wa ghorofa, akarudishwa nyumbani na plasta kuanzia vidole vya mguu hadi nyonga, walibaki wawili tu: mmoja kalala, mwingine anakanyaga cherehani.

Aliyelala hakuwa na neno. Ngazi huyu huyu, mtu wa porojo, ambaye zamani aliweza kukuvunja mbavu akikusimulia tu alivyokwenda kununua kopo la rangi! Sasa ukimuuliza, "Unaumwa?" anajibu, "Hapana." Ukimuuliza, "Nikuletee nini?" anajibu, "Sitaki kitu." Kisha anarudisha macho darini. Mkewe akajikaza, akashona, akijiambia ni maumivu tu, yatapita.

Ngazi alikuwa na rafiki zake wawili, muuguzi wa zahanati na fundi viatu, ambao alicheza nao kila Jumapili alasiri nyumbani kwa muuguzi. Ulikuwa mchezo wa hadithi. Muuguzi ndiye msimulizi. Alibuni nchi na hatari zake. Wengine, kila mmoja alikuwa na mhusika wake, akisema anafanya nini, na pale ambapo jambo linaweza kufaulu au kwenda mrama, walitupa dadu. Mezani walipanga vijisanamu vya plastiki, kimo cha kidole, ambavyo Ngazi alivipaka rangi kwa brashi nyembamba mpaka kope zikaonekana. Mshonaji aliwahi kupita pale mara moja, akarudi nyumbani akicheka njia nzima. "Wanaume wazima na wanasesere wao!"

Sasa mchezo ukahamia kwake. Meza ilikuwa imejaa vitambaa, basi wakaweka ubao juu ya tumbo la mgonjwa, wakapanga majeshi. Ngazi akakohoa. Jeshi zima chali. Wakapanga upya. Akapiga chafya, joka la plastiki lenye mabawa likaruka hadi chini ya cherehani, na mshonaji akalikanyaga, bawa likavunjika.

"Pole, shemeji," fundi viatu akasema kwa huzuni, "lilikuwa limebakiza kidogo litushinde."

Muuguzi akavikusanya vijisanamu vyote, akavitia kwenye mfuko. "Basi tucheze bila hivi. Mimi nitasema, nyinyi mtaona."

"Tutaona wapi?"

"Kichwani. Au hicho umepewa cha kuvalia kofia tu?"

Hapo ndipo mshonaji alipopata taabu. Vijisanamu angeweza kuvipa mgongo akaendelea na kazi, lakini maneno hayapewi mgongo. Muuguzi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, ya chini, isiyo na haraka. Alieleza mji wenye kuta, jua la kupasua kichwa, na langoni mlinzi mkali aliyevaa joho zito. Cherehani ikasimama.

"Samahani," mshonaji akasema. "Hilo joho ni la kitambaa gani?"

Wakatazamana. "La sufu, shemeji," muuguzi akajibu.

"Sufu, kwenye jua hilo? Basi huyo mtu anaiva humo ndani. Mpeni maji. Atakunywa, hatawakagua."

Wakatupa dadu. Mlinzi akanywa maji, wakapita. Fundi viatu akapiga makofi. "Shemeji, ingia mchezoni!"

"Mimi nina mapindo ya kumaliza."

"Si unashona kwa mikono? Huku tunataka mdomo."

Akacheka, akakubali. Wakamuuliza atakuwa nani. Wao walimtarajia awe malkia, au mganga.

"Mwizi," akasema.

Ngazi akageuza shingo. "Mwizi?"

"Miaka yote hii nawakatia watu vitambaa, nawarudishia hata vipande vilivyobaki. Niacheni na mimi niibe kidogo."

Ngazi akacheka mpaka akashika mbavu, akilia, "Aa, naumia, naumia," na mkewe akainamia uzi wake upesi, maana na yeye machozi yalikuwa yakimlengalenga kwa sababu nyingine.

Zikapita Jumapili kadhaa. Mwizi akawa hodari, mwenye vidole vyepesi na majibu mafupi. Shujaa, mhusika wa Ngazi, naye akatangulia vitani kama kawaida yake. Siku hiyo wakafika kwenye mnara. Juu kulikuwa na mfungwa wa kuokolewa, na njia ilikuwa moja, ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani kwa nje. Kwenye ubao wa zamani mnara ungekuwa mraba wa chaki, na Ngazi angesukuma kijisanamu kwa kidole, basi. Lakini mnara huu wa maneno ulikuwa na upepo. Ulikuwa na vipago, vidato vya ngazi, vinavyolia vikikanyagwa. Mshonaji aliona mkono wa mumewe ukikamata shuka.

"Shujaa wako anafanya nini?" muuguzi akauliza.

"Anabaki chini."

"Adui wanatufuata nyuma, bwana," fundi viatu akasema.

"Nimesema anabaki chini!"

Muuguzi, ambaye kazi yake ni kungoja kando ya vitanda, hakugusa dadu. Mshonaji akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Mwizi wangu amesimama karibu naye," akasema taratibu. "Anamuuliza, shujaa, kuna nini?"

Ngazi akatazama dari. "Shujaa anasema aliwahi kuanguka. Ubao uligeuka chini ya mguu, akashika hewa. Wakati ule hakuogopa, hakupata nafasi. Anaogopa sasa. Kila akipitiwa na usingizi, ubao unageuka tena. Na hajui kazi nyingine."

Kama mke, alikuwa na majibu tele: utapona, usiseme hivyo, jipe moyo. Alishayasema yote, na yote yalikwama darini. Lakini huyu aliyeulizwa alikuwa mwizi.

"Mwizi hasemi kitu," akajibu. "Anakaa chini, bega kwa bega naye. Adui wakija, watatukuta tumekaa. Na huyu shujaa akiamua asipande tena maisha yake yote, mwizi haoni aibu kutembea naye chini."

Fundi viatu akajikohoza. "Haya, mfungwa nitamfuata mimi. Lakini nikivunjika kiuno, mnibebe." Akapanda, akinung'unika kila kipago mpaka juu.

Wageni walipoondoka, mshonaji alimletea mumewe chai. Ngazi akamshika kifundo cha mkono kabla hajageuka.

"Mama watoto, yale maneno yalikuwa ya shujaa."

"Najua."

"Si yote."

"Hilo pia najua."

Tangu hapo Ngazi akaanza kuongea, leo neno, kesho mawili, mengine ya kuogofya, mengine ya upuuzi mtupu. Plasta ilipokatwa alibaki akichechemea, na jukwaani hakurudi. Alianza kupaka milango na vitanda vya watu uani, kisha vibao vya maduka. Mwanzoni alijificha mafundi wenzake wakipita, kisha akawa anawaita waje waone herufi zake.

Jumapili moja muuguzi akashikwa na zamu. Fundi viatu akasema basi, leo hakuna mchezo. Ngazi akavuta kiti.

"Nitasimulia mimi," akasema, masikio yakimchemka kwa haya. "Mko kwenye ukingo wa mto. Mto mpana, umetulia."

"Maji ni ya baridi?" mkewe akauliza.

Akafikiri. "Hapana. Ya vuguvugu. Yamepigwa jua kutwa."

"Basi mwizi anavua viatu," mkewe akasema, "anamshika shujaa mkono, wanaingia."