Mbili Toa Moja

Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa na imani na vijiti wala vizibo vya soda. Hesabu za kutoa alizifundisha kwa watoto wenyewe. Wanne wanasimama mbele, mmoja anatoka nje, mlango unafungwa, waliobaki wanahesabiwa. Kuna mwaka mtoto mmoja aliyetolewa alilia huko nje mpaka akatapika. Tangu hapo mwalimu akaongeza lake: jibu likipatikana, darasa zima linaita "Rudi!" na aliyetoka anaingia kwa makofi. Walimu wenzake walimtania kwamba hiyo sasa ni kujumlisha. Aliwaambia kila mtu afundishe zake.

Kwa mbili toa moja alikuwa na mapacha wake, wasichana wawili, chanda na pete. Aliyetoka siku zote ni Mdogo, maana Mkubwa, aliyemzidi mwenzake kwa dakika kumi tu, hakukubali kutolewa.

Likizo ikaja, mwalimu akavunjika mguu, akaimaliza yote hospitalini. Alirudi kwa mkongojo wiki ya pili ya muhula, na kwa hamu aliyokuwa nayo akaenda moja kwa moja darasani bila kupita ofisini. Laiti angepita.

"Mapacha wangu, njooni mbele," alisema, huku akiandika ubaoni.

Alipogeuka alimkuta Mkubwa peke yake.

"Mwenzako yuko wapi?"

Mtoto wa dawati la mbele akanong'ona, "Alikufa, mwalimu. Aliumwa homa."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafuta ubao kwa kiganja, lakini Mkubwa alikuwa ameshafungua mlango.

"Waambie wamwite, mwalimu," alisema. "Nyumbani naita peke yangu, hasikii. Labda tukiwa wengi."

Wenzake hawakungoja ruhusa. "Rudi!" Mwalimu aliwaacha waite, wakaita tena, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuwazuia, na hilo hajajisamehe hadi leo. Mwishowe aliinua mkono wakanyamaza. Akajikongoja hadi mlangoni.

"Huyu harudi, mwanangu. Nilikufundisha vibaya."

Mtoto aliutazama uwanja mtupu, akafikiri.

"Basi nitoe na mimi."

Mwalimu akaachia mkongojo, akakaa sakafuni na mguu wake mbovu, akamkumbatia. Kengele ililia, madarasa mengine yakatoka, yeye bado amemshika.