Mlango Uliojaza Bega Maji

Fundi Milango alikaa miaka sita na kinundu nyuma ya bega la kulia, akiwatania watu kwamba ndimo anamoweka akili ya akiba. Kilipoanza kumuuma, daktari akampiga ganzi, akakitoa, akashona nyuzi tano.

"Fundi, wiki mbili usiguse randa. Pale ndani kumebaki uwazi. Ukilichosha bega, patajaa maji."

"Daktari, kwa kulala mimi nampita paka!"

Uongo mtupu. Mtu huyo hata mafua yakimlaza anapima mlango wa chumbani kwa macho.

Siku ya nne, mkewe alipokwenda kwenye cherehani yake, Fundi akaenda karakana, eti kusalimia. Akamkuta mwenzake, ambaye kwa mwendo wake wanamwita Kobe, akihangaika na mlango wa mteja. Sasa, pale karakana kila mtu anajua: mlango aliokata Fundi, randa ya mwisho anapiga Fundi mwenyewe.

"Kobe, hiyo ni randa au unaubembeleza ulale?"

"Kaa chini, mgonjwa."

"Lete hapa. Mara tatu tu."

Mara tatu za Fundi ni kama glasi ya mwisho ya mlevi. Alimaliza ukingo mmoja, akageuza, akamaliza wa pili, maranda yakamfika vifundoni. Mlango ukaingia kwenye fremu kama mkono mfukoni. Kobe akapiga mluzi. Sifa tamu, jamani!

Kesho yake bega lilikuwa limevimba kama nusu yai. Mkewe akafungua bandeji, akashika mdomo. Ni yeye aliyekuwa akisafisha kidonda kila mchana: anachemsha maji, anayaacha yapoe, ananawa kwa sabuni hadi viwikoni.

"Baba watoto, nimekuharibu. Jana nilikubana sana?"

Mdomo ule unaouza maneno kutwa ukafunga duka. Ukatoa moja tu.

"Labda."

Akasikia aibu ikimpanda shingoni, lakini neno lilikwisha kutoka.

Asubuhi iliyofuata, hospitali, mkewe alibaki kwenye benchi la nje. Ndani, daktari akavuta maji kwa sindano, bomba zima, mekundu mekundu.

"Hakuna usaha. Kidonda kimetunzwa vizuri sana. Uliinua nini?"

"Nililalia vibaya."

"Hicho kitanda kina mpini?" Daktari akambana bandeji, akamwongezea wiki mbili.

Mkewe akasimama alipomwona. "Amesema ni mimi?"

Angeweza kumaliza mambo pale pale. Akasema, "Amesema hutokea." Njia nzima mke alitembea upande wa bega zima, asije akamgusa lile bovu. Fundi akatamani angemkanyaga hata kidole.

Nyumbani wakamkuta dada yake mkubwa, habari zimeshamfikia, mikono kiunoni.

"Wifi, vidole vya kushona magunia havifai kwa kidonda. Kuanzia leo ndugu yangu namsafisha mimi."

Fundi akangoja mkewe ajibu, maana kwa majibu yule mama hana deni na mtu. Mkewe akachukua beseni na vitambaa safi, akampa wifi yake.

"Sawa, wifi. Pengine kweli mikono yangu ni mizito."

Hapo Fundi akashindwa.

"Dada, mwache! Nilipiga randa. Juzi, karakana. Mlango mzima, kingo zote mbili. Daktari mwenyewe amesema kidonda kimetunzwa vizuri."

Dada akaketi kwa kicheko. "Zee zima! Umevimba kwa kujionyesha!"

Mke hakucheka. "Na ile 'labda'?"

"Ile... nilikuogopa."

"Mimi nimekesha nikijiuliza nimekosea wapi, na wewe uko ubavuni mwangu unasikia."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nimesikia." Akashusha mikono ya gauni lake. "Wifi, umesema utamsafisha. Msafishe. Mimi leo simgusi." Akatoka kwenda kwenye cherehani yake.

Sasa mkono wa dada yule ndio mzito, si mchezo. Plasta aliibandua kwa mvuto mmoja, na nywele za mgongoni zikafuata. Fundi Milango, ambaye kibanzi kikimchoma mtaa mzima unajua, alitazama ukuta, wala hakusema "aa".