Ng'ombe wa Mke Wangu Alikula Vumbi la Maganda Yangu ya Risasi

Niliua ng'ombe wa mke wangu, kisha nikakubali kulipwa na mtu mwingine. Naanzia hapo makusudi, usije ukanionea huruma kabla hujasikia yote.

Jina langu halina kazi hapa, na ya wengine nimebadilisha. Tunaishi upande wa Mweiga, kule Nyeri, tunakamua na kulima viazi, na mimi ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Leseni ninayo. Pale klabuni kuna fundi aliyeidhinishwa ambaye hujaza risasi upya, na sisi wengine humsaidia kwa kusafisha maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa. Kazi hiyo niliichukua kwa moyo wote. Hata kanisani sijawahi kujitolea hivyo!

Nilianza na drili ya kutoboa ukuta. Unabana ganda pale mbele, unawasha, unalisugua kwa waya laini wa kusugulia sufuria. Linang'aa kweli, lakini vidole vinaungua, na ukienda ganda moja moja utazeeka. Basi nikang'oa mota ya mashine mbovu ya kufulia nguo, nikaiunganisha na mtungi wa plastiki ili uzunguke wenyewe. Ndani unatia maganda pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Unga wa magunzi hunyonya uchafu wote. Niliona mtandaoni wazungu wanaununua kwenye pakiti. Kununua magunzi, jameni! Mimi ninayo gunia kwa gunia, na kinu kiko stoo, kwa sababu mke wangu husaga magunzi hayohayo, anachanganya na molasi, anamlisha Karembo.

Karembo alikuwa ng'ombe wake, si wetu. Alipewa na mama yake akiwa ndama, na mama huyo sasa ni marehemu. Asubuhi mke wangu alikuwa anamsalimia Karembo kwanza, halafu mimi.

Sasa sikia upumbavu wangu. Unga ukitoka kwenye mtungi huwa wa kijivu. Mtu mwenye akili angeutupa. Mimi nililelewa kwamba chakula cha ng'ombe hakitupwi, kwa hiyo niliurudisha kwenye pipa la malisho na kuongeza molasi rangi isionekane. Kama sikuona ubaya, nilikuwa naficha rangi ya nini? Nilifanya hivyo kila nilipomaliza kazi, miezi mingi.

Karembo akaacha kula. Akawa anasaga meno. Kisha akaanza kusimama ameegemeza paji la uso kwenye mbao za zizi, anasukuma, kana kwamba kuna mlango pale. Mke wangu alipitisha mkono mbele ya macho yake, hayakupepesa.

"Baba Njoki, haoni! Njoo uone, Karembo haoni!"

Tulimwita daktari wa mifugo kutoka mjini. Alimpima, akamtoa damu, akatikisa kichwa.

"Hii inakaa kama sumu ya madini, ile huwa kwa betri ya gari," alisema. "Kuna mahali hapa karibu watu wanafungua betri?"

Wote waliokuwepo wakageuka kutazama ua. Ng'ambo ya ua anaishi Baba Muthoni, jirani yetu tangu tuhamie, na kazi yake ilikuwa kuchaji na kutengeneza betri za magari na za sola. Wote walitazama ua, na mimi nikatazama nao. Wakati huo mtungi wangu ulikuwa unazunguka nyuma ya stoo. Nilijisogeza polepole, nikauzima, nikarudi na uso wa huzuni.

Karembo alikufa kabla majibu ya damu hayajarudi. Majibu yalisema ni sumu ileile. Tuliambiwa tumzike, nyama isiguswe. Mke wangu alienda pale kwenye ua akapiga kelele mpaka akakauka koo: "Baba Muthoni, umeniulia ng'ombe! Ng'ombe ya mama yangu!" Jirani alitoka na spana mkononi. Alitazama chini pale anapomwaga maji ya betri, akarudi ndani.

Jumapili, baada ya ibada, tuliona mtu anaingia getini akivuta mtamba mwenye mimba. Alikuwa Baba Muthoni, bado amevaa koti la kanisani. Kwao walikuwa na ng'ombe huyo mmoja tu.

"Mama Njoki, mimi siwezi sema ati sikujua ile maji ni mbaya," alisema. "Shika hii kamba."

Mke wangu alilia, akakataa, akalia tena. Kamba niliishika mimi.

Nilidhani ameshamaliza. Kumbe! Akavua kofia, akanigeukia.

"Baba Njoki, wewe ndio kichwa ya hii boma. Nataka nisikie kwa mdomo yako ati umenisamehe. Tangu hiyo siku mimi silali."

Ngai wakwa, Mungu wangu! Ningeweza kusema pale pale. Midomo ilifunguka kabisa. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba Muthoni. Nenda ulale."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru.

Betri aliacha kabisa. Sasa anachimba viazi vya watu kwa kibarua, na msimu huu alichimba vyangu. Nilimlipa vizuri, nikajiona mtu wa maana. Mtamba alizaa, na mke wangu humpelekea Muthoni maziwa kila jioni kuonyesha hana kinyongo. Watu wanamsifu kwa roho yake safi. Mimi nanywa chai ya rangi. Nimewaambia ni tumbo.

Nimeandika haya kwa sababu nimeshindwa kuyasema kwa mdomo. Nimejaribu! Nafika kwa Baba Muthoni, ananivutia kiti, naulizia mvua, narudi.

Wewe unayesafisha maganda, vumbi lake lina madini ya risasi, sumu ileile ya betri. Lisikaribie malisho, wala mtoto, wala kuku. Hilo ndilo onyo dogo. La pili ni hili: siku mtu asiye na kosa akisimama mbele yako kukuomba msamaha, mkatize kabla hajamaliza, hata kama mkeo anasikia, hata kama utaaibika mpaka Nyeri mjini. Mimi nilimwacha amalize, na mpaka leo ananisalimia kwa heshima.