Nani Anakigusa Kidoti

Mkaguzi wa nguo katika duka la dobi alijulikana mtaani kwa jina la Macho, na jina lenyewe lilimkaa. Ukimpa shati jeupe atakuonyesha tone la chai ambalo hata wewe hukujua umelimwaga. Mumewe alitania kwamba yeye mwenyewe hujikagua kola mlangoni kabla ya kubisha hodi.

Basi kidoti cheusi begani mwa binti yake wa miaka sita kilipoanza kuwa chekundu pembeni, Macho hakusumbuka kujiuliza ni nini. Alitaka kujua ni nani, na mtu alikuwa naye tayari: mama mkwe.

Bibi alikuwa amehamia kwao mwanzoni mwa mwaka. Siku moja, akichambua maharage, alisema zamani vidoti kama hivyo vilifungwa uzi mpaka vikadondoka. Alisema mara moja tu, akacheka. Macho hakucheka. Tangu hapo nyuzi zote za nyumbani zilipanda juu ya kabati, na bibi akakatazwa kumwogesha mjukuu wake, eti mgongo wake mbovu.

Hata hivyo Macho hakutulia. Kila jioni bafuni alilinusa bega la mtoto, akipitisha dodoki lenye sabuni kuona kama kuna dawa iliyopakwa, kisha akapitisha tena kwa uhakika. Mtoto alilalamika, naye akamwambia atulie. Kidoti kilizidi kuwasha, na asubuhi moja kikaacha damu kwenye sare ya shule. Macho alikuwa amesikia habari za saratani ya ngozi.

Alipompeleka mtoto zahanati, bibi alikwenda nao bila kualikwa. Macho alimwacha kwenye benchi la nje na kufunga mlango.

Daktari alikimulika kidoti, akakitazama kwa kioo cha kukuzia. Alieleza kwamba watoto wengi huvipata, na vingi hukua pamoja na mwili. Hiki kilikuwa cha duara, rangi moja, kingo zake sawa. Wakipige picha kila baada ya miezi michache, na wamrudishe mtoto kikibadilika umbo au rangi, au kikitoka damu bila kuguswa.

“Lakini hiki kimechubuliwa,” alisema. “Nani anakisugua?”

Macho alifungua kinywa amtaje mtu. Mtoto akamuwahi.

“Mama. Kila nikioga.”

Nje, bibi aliinuka na kuuliza wamesemaje. Macho alimwambia mtoto hana ugonjwa.

“Ni mimi, mama. Nilikuwa nakisugua.”

“Najua. Nilikuwa namsikia akilia bafuni.”

“Mbona hukuniambia?”

Bibi alimshika mjukuu wake mkono, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

“Ungesema natafuta njia ya kumwogesha mimi.”

Na ndivyo hasa Macho angesema.