Twiga Niliyemwongeza

Nilikuwa fundi fremu Kariakoo, na picha zangu za twiga zilijaa kwenye sebule za watu, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Rehema, binti msanii, akaniletea picha nyeusi tupu, yenye mstari mmoja mweupe katikati, niitie fremu kwa ajili ya maonyesho. Nikadhani rangi imemwishia. Miaka ile hata sabuni tuliipangia foleni. Kwa huruma nikafungua kopo langu la mwisho, nikamchorea twiga, mlima na maua pembeni.

Alipoifuata nilikuwa nasubiri shukrani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekumalizia picha yako."

Aliitazama muda mrefu, kisha akagusa shingo ya twiga, pale ulipokuwa mstari.

"Mstari ule ulikuwa sanda ya mama," akasema.