Siku Safina Alipoamka na Nguvu

Jumapili ile Safina aliamka akiwa mzima, na jambo hilo likamtia hofu.

Alibaki kitandani akijikagua. Magoti hayakuuma. Mgongo ulikuwa mwepesi. Kichwa hakikuwa na ule ukungu uliomfanya asome mstari mmoja mara nne bila kuelewa kitu. Nje, kwenye ua wao wa Ujiji, wanawake walikuwa wameshawasha moto. Yusra, binti wa shangazi yake, alikuwa anaolewa alasiri hiyo. Na kesho yake, saa mbili asubuhi, Safina alitakiwa kuwa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne.

Ilikuwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia pia aliamka mzima siku moja kabla ya mtihani. Akafua nguo za ua mzima, akateka maji, akasonga ugali wa watu kumi huku akicheka, maana siku za namna ile hazikuwa nyingi. Asubuhi ya mtihani hakuweza kuinua shingo. Hayakuwa maumivu ya kukimbizwa hospitali. Ulikuwa uchovu, ule usioondoka hata ulale siku mbili, kama vile mtu kamjaza mchanga mwilini. Watu wakasema ameogopa mtihani.

Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, tangu utotoni. Maumivu yake watu waliyajua, kwa sababu yalipomshika alipiga kelele. Uchovu hauna kelele. Ukikaa nao unaonekana mvivu.

Aliyemwelewa alikuwa nesi Verediana wa kliniki. "Siku mbaya mwili wenyewe utakulaza," alimwambia. "Inayokumaliza ni siku nzuri. Unaitumia yote mpaka tone la mwisho, halafu unalala wiki. Jifunze kuacha kazi ukiwa bado unaiweza."

Tangu hapo Safina akawa anajichunguza. Aligundua nguvu zake ziko kati ya chai ya asubuhi na adhuhuri, na kwamba jua la saa nane humkausha kabisa. Akisoma dakika ishirini na tano akajinyoosha kumi, alifika mbali kuliko akikaa na kitabu saa mbili mfululizo. Ilimchukua miezi saba kuyajua hayo, na mara nyingi alikosea.

Kwa hiyo alikuwa ameshamwambia mama yake, Ashura: atachambua mchele akiwa amekaa, na ikifika saa nne ataingia ndani. Mama alikubali. "Sawa, ila shangazi yako asikuone," akaongeza, na ile "ila" ikamchoma Safina.

Saa nne alisogeza ungo akainuka.

"Safina! Unakwenda wapi?" Ni shangazi Siwema, mama wa bibi harusi, amefunga kanga kiunoni, jasho linamtiririka. "Pipa limekauka. Chukua ndoo."

"Shangazi, naomba nikapumzike kidogo."

"Upumzike nini? Tangu asubuhi unacheka na wenzako hapa. Au ugonjwa umekuja sasa hivi, ulipoiona ndoo?"

Wawili watatu wakacheka. Wengine wakainamia vitunguu vyao. Mama yake alikuwa akipuliza moto, wala hakugeuka.

Kilichomkaba Safina ni kwamba ndoo ile aliiweza. Aliweza hata tano. Angesema hawezi, angekuwa mwongo, na kila mtu pale aliona macho yake yanavyong'aa.

"Naiweza, shangazi," akasema. "Lakini nikibeba maji leo, kesho siamki. Mwaka jana mliniona."

"Mwaka jana tulikuona umelala."

"Ndiyo. Nilikuwa nimewafulia nyote."

Visu vikasimama. Shangazi akasogea hatua moja. "Unanijibu? Siku ya harusi ya mwanangu, mbele za watu?"

Safina aliitazama ndoo. Miguu ilitaka kukimbilia ile ndoo, mambo yaishe, wampende. Ndipo mama yake alipoinuka pale motoni, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua ndoo na kutoka nayo mlangoni.

"Haya, malkia, kalale," shangazi akasema.

Alijilaza, lakini usingizi haukuja. Kila aliposikia jina lake uani alitaka kutoka akabebe ndoo kumi. Alijishika pale pale kitandani mpaka saa sita.

Alasiri vigelegele vilipopanda, Yusra mwenyewe, hina mikononi, alimvuta acheze. Akacheza wimbo mmoja. Wa pili ulipoanza akarudi kwenye mkeka, na kukaa kule kulimuuma kuliko maneno ya shangazi. Kabla ya isha alikuwa ameshapanda kitandani.

Asubuhi mwili ulikuwa mzito, lakini uliinuka.

Kwenye mtihani alianza na maswali aliyoyajua. Saa ya pili ya mtihani ukungu ukaingia. Herufi zikaanza kuogelea. Akaweka kalamu chini, akalaza kichwa juu ya mkono.

Msimamizi akaja kusimama juu yake. "Umemaliza?"

"Bado, mwalimu. Napumzika dakika tatu."

"Muda hautakusubiri."

"Najua."

Alihesabu pumzi zake huku karatasi za wenzake zikifunuliwa pande zote. Zile dakika tatu zilimtisha kuliko kitu chochote maishani mwake. Alipoinua kichwa, herufi zilikuwa zimetulia. Aliandika mpaka kengele, akaacha nusu swali.

Mitihani iliyobaki haikwenda yote vizuri. Siku ya Jiografia maumivu yalimshika kweli, na karatasi ile aliikosa. Shangazi Siwema alikaa mwezi mzima akiitikia shikamoo yake huku ametazama pembeni.

Matokeo yalipotoka, Safina alikuwa amefaulu masomo matano. Jioni ile shangazi alimletea samaki wa ziwani, migebuka miwili minene, akaiweka jikoni, akaondoka. Safina aliitia chumvi. Akaikaanga kesho yake asubuhi, baada ya chai, wakati ana nguvu.